Rudisheni Thamostati Zetu!

Nimekuwa kimya wiki tatu na wengine mmeanza kuuliza kama nimehama nchi. Sijahama. Nilikuwa nazunguka kati ya hospitali na gereji, na nimerudi na hasira. Leo siandiki siasa. Leo naandika rejeta.

Ndiyo, rejeta. Tuanze na kisa chenyewe.

Binamu yangu, ambaye pale nyumbani Temeke tunamwita Dogo ingawa ana ndevu kunizidi, ana Subaru Impreza WRX ya 2002, ile yenye taa za mviringo. Injini ya lita mbili, ina tabo, ukiiwasha majirani wanajua. Aliinunua kwa mkopo wa SACCOS ya kazini kwake pamoja na akiba ya mahari ambayo mpaka ninavyoandika hapa shangazi hajaambiwa imekwenda wapi. (Shangazi, kama kuna mtu amekusomea hii, nisamehe.)

Gari hilo lilikuwa zima. Mgonjwa alikuwa Dogo, na ugonjwa wenyewe ni wa vijana wengi wa mjini wenye magari ya aina hiyo: anataka gari la uwanja wa mbio. Anakesha akiangalia video za Wajapani wanaozunguka Tsukuba, kisha asubuhi anakwenda gereji akiwa na orodha. Intakula kubwa. Mipira ya buluu. Na rejeta ya aluminiamu, nene mara mbili ya ile ya kiwandani, inang'aa kama sufuria mpya.

Rejeta ilifika, ikapelekwa kwenye gereji moja ya Kinondoni ambayo jina lake nalihifadhi. Haikukaa vizuri kwa sababu ya unene wake. Fundi akaamua. Akaondoa kava la feni, akatupa feni moja, iliyobaki akaifunga kwa waya kama anafunga kuku wa Krismasi. Pembeni mwa rejeta pakabaki mapengo ambayo unapitisha ngumi. Kifuniko akarudisha kile cha zamani, kwani "hiki bado kizima, bosi." Halafu akamalizia na ile kazi ambayo mafundi wetu wanaifanya kwa imani kama ya dini: akatoa thamostati.

Nilikuwepo. Nilimuuliza, "Fundi, hiyo mbona unaitupa?"

"Hii ya nchi za baridi, braza. Huku kwetu joto. Ukiiacha inabana maji."

Nikanyamaza. Mimi ni mwandishi, nimesoma chuo kikuu, nikanyamaza!

Jumapili iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, tuliondoka Mwenge kuelekea Bagamoyo, magari manne. Mwendo wenyewe siuandiki hapa, maana trafiki nao wanasoma. Tegeta, Boko, tunacheka. Bunju tukakuta malori yamesimama na foleni imejipanga. Tukasimama. Dakika nne, tano. Mshale wa joto ambao maisha yote ulikaa katikati ukanyanyuka kama mtu aliyeitwa jina. Mvuke ukatoka chini ya boneti. Dogo akashuka mbio, akafungua boneti, akashika kifuniko kwa fulana.

Nilipiga kelele. Nilichelewa.

Maji ya moto yalimpata mkono wa kulia kutoka kiganja hadi kiwiko, na upande wa shingo. Macho yalinusurika kwa kuwa aligeuza uso. Injini nayo, tulipoifungua, hedi moja imepinda na gasketi imekwenda. Na injini ya Subaru ina hedi mbili, moja kila upande, kwa hiyo hata kuifungua tu ni ajira ya siku kadhaa. SACCOS wao hawajapinda popote. Tarehe ya marejesho iko palepale.

Kiswahili chetu kina akili. Gari likizidi joto tunasema limechemsha, na mtu akiharibu kazi tunasema kachemsha. Siku ile vilichemsha vyote: gari, fundi, Dogo, na mimi niliyekaa kiti cha mbele nikicheka.

Sasa nitaeleza, na mafundi mnisikilize kabla ya kunitukana.

Thamostati ni mlango. Ndani yake mna nta inayovimba ikipata joto na kusukuma kizibo. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa ili ipate joto haraka. Maji yakikaribia nyuzi 80 unaanza kufunguka, na yakifika kwenye tisini na kitu umefunguka wote. Kwa hiyo gari linapochemsha, maji yakiwa nyuzi 110, mlango ulishafunguka kitambo! Wewe fundi unang'oa mlango uliokuwa wazi, halafu unasema umemsaidia mgeni kuingia.

Ni kweli thamostati huweza kufa ikiwa imefunga, na hapo gari litachemsha. Dawa yake ni kuweka nyingine nzima. Kupima nako ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji, washa jiko, itazame ikifunguka. Mama lishe jirani na gereji ana vifaa vyote.

Ukiitoa, haya ndiyo unayopata. Katika injini nyingi, thamostati ikifunguka huwa inaziba pia njia ya mkato inayorudisha maji ndani bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka mlemle bila kupozwa. Pili, gari likitembea kwa mwendo wa kawaida injini haifiki joto lake. Kompyuta inadhani bado ni asubuhi ya baridi, inaongeza petroli. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda na nyingine inashuka kuchanganyika na oili chini. Unalalamika gari linakunywa mafuta, unampeleka kwa fundi yuleyule, anakuuzia plagi!

Na baya kuliko yote, kutoa thamostati kunaficha ugonjwa. Rejeta imeziba nusu, lakini kwa kuwa siku nyingi injini inatembea ikiwa baridi, huoni kitu. Utaona siku ya kukimbia.

Kuna mjuaji atasema magari ya mashindano nayo hayana thamostati. Mengine kweli hayana. Lakini mahali pake huwekwa kibati chenye tundu lililopimwa, ile njia ya mkato inazibwa, na injini inapashwa moto taratibu kabla haijakanyagwa. Wale wanajua wametoa nini na wameweka nini. Sisi tunatoa na kutupa mtaroni.

Halafu hii hadithi ya "nchi za baridi". Jamani! Japani mwezi Agosti ni jiko. Mwaka 2018 mji wa Kumagaya, si mbali na Tokyo, ulipimwa nyuzi 41.1. Dar yetu hii, Februari tunapolia usiku kucha tukijipepea, mchana huwa kwenye 32 au 33. Gari hilohilo liliuzwa Australia, liliuzwa Uarabuni. Waliolitengeneza wanajua jua ni nini. Na mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya kwa Impreza, Richard Burns naye akashinda kwa Impreza mwaka 2000. Hivyo msiniambie Subaru haijui Afrika.

Sipingi rejeta kubwa. Napinga mpangilio wa akili. Kwa hesabu ya haraka, petroli ikiungua theluthi moja hivi ya nguvu yake inakwenda kwenye magurudumu, theluthi inatoka na moshi, na theluthi inayobaki inaingia kwenye maji na oili. Barabarani unakanyaga mafuta mpaka mwisho kwa sekunde chache tu, unaachia. Kwenye uwanja wa mbio unakanyaga karibu mzunguko mzima, dakika ishirini mfululizo. Hapo rejeta ya kawaida inaweza kweli kushindwa, na hata kabla ya maji kushindwa, oili inakuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo na injini inanoki. Ndiyo maana watu wa viwanjani hufunga kipoza oili, jambo ambalo Dogo hakuwa nalo hata kwenye orodha. Haling'ai, na ukifunga boneti halionekani.

Lakini kabla ya kufika huko kuna vitu vya bei ya chini ambavyo hakuna kijana anayevipiga picha. Kifuniko cha rejeta, kwa mfano. Watu wanadhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Kazi yake ni kushika presha. Maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 100, lakini yakiongezewa presha ya angahewa moja zaidi yanachemka kwenye 120. Nyuzi ishirini nzima za usalama zinashikwa na springi ndogo na raba! Ya Dogo ilikuwa imechoka. Rejeta ya mamilioni, kifuniko mfu. Na presha hiyohiyo ndiyo sababu hakifunguliwi kikiwa cha moto. Ukifungua, presha inashuka na sehemu ya maji inageuka mvuke kwa mara moja, na yote yanaruka kukuelekea. Zima gari, subiri nusu saa, nunua soda.

Au kava la feni. Feni bila kava inavuta upepo kutoka pale tu ilipo, sehemu nyingine ya rejeta inakaa bure. Ukiwa kwenye mwendo upepo wa barabara unafanya kazi na feni haina maana sana, lakini kwenye foleni feni ndiyo kila kitu. Kwa hiyo gari likichemsha foleni na kupoa ukikimbia, anza na feni. Likikaa vizuri foleni na kuchemsha ukikimbia, tazama rejeta, maji na njia ya upepo. Tulipata yote mawili: tulikimbia na mapengo pembeni, upepo ukapita kando badala ya katikati (upepo ni mvivu kama sisi, unafuata njia rahisi), kisha tukasimama na feni moja ya waya. Mapengo yale yangezibwa kwa sponji na raba za elfu chache.

Na maji! Wadau, tunatia nini kwenye magari haya? Huku Temeke visima vingi vina chumvi, chai yenyewe ukiionja unajua. Maji hayo ndiyo yanamiminwa kwenye rejeta ya aluminiamu. Tulipokata mpira wa zamani wa gari la Dogo ndani mlikuwa na ukoko mweupe kama birika la msibani. Na ile "kulanti" niliyomnunulia mimi mwenyewe, chupa ya kijani, niliimwaga sahani nikaiacha juani. Ilikauka ikabaki rangi. Kulanti ya kweli haikauki hivyo, inaacha utelezi. Hatuna barafu Dar, sawa, lakini dawa iliyomo ya kuzuia kutu tunaihitaji kuliko hao wa barafu.

Mafundi, sina ugomvi na njaa zenu. Nadhani najua desturi hii ilikotoka: miaka ya 80 spea hazikuwepo, thamostati ikifa hupati nyingine, unaitoa ili mzee afike kazini. Ile ilikuwa akili. Leo spea zimejaa Gerezani, zimejaa Ilala, na bado mwanafunzi chini ya mwembe anafundishwa kutoa thamostati nzima kwenye gari zima. Hiyo mnaiitaje?

Na kuna jambo ambalo ni langu. Miezi michache kabla ya Bunju niliandika kwenye gazeti ninalofanyia kazi makala ya kuwasifia hawa vijana wa alfajiri, picha kubwa, boneti wazi, ile mipira ya buluu inaonekana vizuri. Sikuuliza wanakimbilia wapi. Tunaandaa magari ya uwanja wa mbio wakati uwanja wetu ni barabara ya Bagamoyo, ambayo saa kumi na moja alfajiri ina mama anayevuka na ndoo ya samaki na mtoto anayewahi shule. Anayetaka kukimbia kweli, mashindano ya rali yapo, barabara hufungwa na watu hukaguliwa magari. Mkaguzi akiona feni imefungwa kwa waya atakurudisha nyumbani. Pengine ndiyo sababu hatuendi.

Makala ile Dogo aliikata na kuibandika ukutani. Niliiona juzi nilipokwenda kumbadilisha bandeji. Mkono unapona, ila vidole viwili havijakunja vizuri, na yeye kazi yake ni kuandika kwa kompyuta. Ameniomba nisimwambie shangazi kuhusu mahari mpaka injini ifungwe.

Hedi ziko kwa mchongaji. Mzee wa spea Gerezani ameniambia thamostati halisi na kifuniko kipya atavipata Jumanne. Nitakwenda kuvichukua mwenyewe, na siku ya kufunga nitakaa pale gereji na sufuria yangu.