Manga Inahitaji Njia, Si Hoteli

Kero yangu ya wiki hii ni ule usemi usiokufa kwamba huku kwetu Gusii hakuna cha kutembelea. Anayeusema akiwa Sironga huwa ameipa Manga kisogo. Juu ya ukingo ule wa mawe, siku isiyo na ukungu, macho hufika Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, na mwambani humo mna Ngoro ya Mwaga, pango ambalo wazee hawalitaji kwa mzaha. Ukishuka upande wa ziwa utafika Homa Hills, penye chemchemi za maji moto, na Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, ziwa ambalo Waluo husimulia kuwa lilizamisha kijiji kilichomfukuza mwanamke mzee. Mlima wenye heshima, maji moto, ufuo. Kwa vitu hivyo vitatu rasi ya Kii, kusini mwa Osaka nchini Japani, huvutia wageni wa dunia nzima.

Tofauti yetu na Wajapani ni njia. UNESCO ilipoorodhesha milima ya Kii mwaka 2004, haikuchukua mahekalu pekee. Iliandikisha pia njia za miguu za mahujaji wa Kumano, na hata Tsuboyu, kibanda cha kuogea maji moto ambako mahujaji walijitakasa. Mgeni hutembea akipita vijijini, mashambani na katika misitu iliyopandwa kwa mikono ya watu, na hulala kwa wenyeji, kwa hiyo pesa zake hudondoka kijiji kwa kijiji. Hoteli moja kubwa juu ya Manga ingezikusanya zote langoni. Wengine watasema mashamba ya Gusii ni madogo na kila kipande kina mwenyewe. Ni kweli, lakini njia ya miguu haidai ekari. Vijia vya kwenda mtoni na sokoni, katikati ya majani chai, tunavyo tangu mababu. Tunavimeza wenyewe kwa seng'enge na mikaratusi.

Pingamizi zito zaidi hutoka kanisani: tukiwapeleka watoto Ngoro ya Mwaga, tunafufua matambiko. Nauheshimu wasiwasi huo, ila kulinda mahali si kupaabudu. Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2008, na misikiti na makanisa ya pwani hayajapungukiwa na waumini. Kwa wanaosema Manga pamebaki mawe tu, nawaelekeza Hongu, hekalu la Kumano. Mafuriko ya mwaka 1889 yalizoa sehemu kubwa ya hekalu, yaliyosalia yakahamishiwa mlimani, na hadi leo watu huenda kuinamisha vichwa kwenye uwanja mtupu wa Oyunohara, liliposimama zamani. Wanakwenda kwa sababu bado kuna anayewasimulia. Sisi tunaye nani wa kumwonyesha mtoto mahali alipotabiri nabii wetu Sakawa kabla Waingereza hawajafika?

Kazi hiyo ina mwenyewe: Katiba ya 2010 iliweka utalii wa mashinani mikononi mwa kaunti, na kila kaunti hujitangazia kilima chake kana kwamba mgeni huzaliwa na kufa ndani ya mpaka mmoja. Nyamira na Kisii zinajua kuvutania mji wa Keroka. Nusu ya nguvu hizo ingetosha kuketi na Homa Bay na kuweka alama za mawe kutoka Manga hadi majini.