Kitufe cha Mfukoni

Siku hizi mwenye duka akishafunga mota kwenye shata lake, haipiti muda mrefu kabla hajatokea mtu wa kumwambia kwamba ameachwa nyuma. Ataambiwa kuwa kitufe cha ukutani ni mambo ya kale, na kwamba kwa pesa kidogo tu aweza kuongezewa kipokezi cha mawimbi, akawa anafungua na kufunga duka akiwa ndani ya gari, ng'ambo ya barabara, kiyoyozi kikimpulizia. Maneno hayo husemwa kwa sauti ya mtu anayeleta neema. Mimi nasema kwamba jambo hili, kwa jinsi linavyofanywa katika mitaa yetu mingi, ni hatari inayouzwa kwa jina la raha.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na mota, wala na mawimbi ya redio. Ugomvi wangu ni na kile kinachoondolewa bila mtu kukitaja. Kitufe cha ukutani, kile cha kubonyeza na kushikilia, kinamlazimisha mwenye duka asimame pale pale mlangoni. Akikiachia, shata linasimama. Muda wote bati linaposhuka, jicho lake liko juu ya bati hilo, atake asitake. Rimoti inaondoa jicho hilo. Anabonyeza mara moja, anageuza gari, anakwenda zake, na chuma kinaendelea kushuka peke yake.

Kinashuka juu ya nini? Nani asiyezijua baraza za maduka yetu? Alfajiri mlinzi bado amelala juu ya boksi lake, mgongo umeegemea bati. Saa mbili usiku mama muuza vitumbua ameweka beseni lake kizingitini kwa sababu pale pana taa. Watoto wanapita chini ya mlango uliofunguliwa nusu kwa sababu ni watoto. Mtu aliyeko ng'ambo ya barabara, kati yake na duka kuna daladala mbili na mkokoteni, hawaoni hata mmoja wao.

Wenzetu wamekwisha kulipia somo hili. Huko Marekani, ambako milango ya mota ya kuhifadhia magari ilienea majumbani mapema, watoto walibanwa na kufa chini yake. Ikabidi itungwe sheria: kila mota ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya nyumba tangu Januari 1, 1993 iwe na kinga ya kuzuia mtu asibanwe. Nchi za Ulaya nazo, katika kanuni yao iitwayo EN 12453, zinamtofautisha mtu anayeshikilia kitufe huku akiuona mlango na mtu anayebonyeza mara moja akaondoka. Kwa huyu wa pili mlango lazima uwe na kinga yake wenyewe. Ama nguvu ya kubana iwe na kikomo, ama pawe na ukingo wa mpira chini ya bati unaohisi unapogusa kitu, ama jicho la mwanga linalovuka kizingiti. Maana yake ni nyepesi kuielewa: ukiondoa jicho la mtu, weka jicho jingine mahali pake.

Hapo ndipo biashara yetu inapoonyesha sura yake. Kipokezi kinauzwa, jicho haliuzwi. Kipokezi ni kijisanduku kidogo, kazi ya nusu saa. Ukingo wa mpira na jicho la mwanga vinataka waya mwingine, vinataka kutoboa na kupima, na vinaongeza bei ambayo mteja hakuitarajia. Basi fundi ananyamaza, mteja hajui, na wote wawili wanapeana mikono.

Hata hicho kijisanduku chenyewe kina mambo. Mota ya shata la kawaida, ile ndefu iliyofichwa ndani ya bomba, huwa na nyaya nne: ethi, nyutro, na nyaya mbili za moto, mmoja wa kupandisha na mwingine wa kushusha. Umeme haupaswi kamwe kupita katika hizo mbili kwa wakati mmoja. Swichi nzuri ya ukutani imeundwa hivyo kwamba huwezi kubonyeza juu na chini pamoja hata ukitaka. Kipokezi kilichotengenezwa mahsusi kwa mashata kina kinga kama hiyo ndani yake. Kile cha bei ya kutupa, kilichokusudiwa kuwasha taa na pampu, kina rilei mbili zisizojuana. Watu wawili wenye rimoti mbili wakibonyeza kwa pamoja, mota inapokea amri mbili zinazopingana. Nimewaona pia mafundi wanaounganisha mota mbili moja kwa moja kwenye kipokezi kimoja, bila kuzitenganisha, umeme ukawa unarudi kutoka mota moja kwenda nyingine hadi vikomo vikaungua. Halafu mwenye duka anaambiwa mota ilikuwa mbovu tangu kiwandani.

Na wizi? Rimoti nyingi za bei nafuu zinatuma namba ile ile kila siku, mwaka hadi mwaka. Ile chipu ya zamani iitwayo PT2262, pini zake nane za anwani zikitumika, ina namba 6,561 tu. Na hata zile zenye namba zaidi ya milioni moja hazisaidii, kwa kuwa anayenasa namba yako mara moja hana haja ya kubahatisha. Rimoti ya kunakili inauzwa waziwazi. Mwenye kufuli la kawaida angalau anajua ufunguo wake uko mfukoni. Zipo rimoti zinazobadilisha namba kila zinapobonyezwa. Mfumo mmoja maarufu, KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980 na kununuliwa na kampuni ya Microchip ya Marekani mwaka 1995. Nao wataalamu waliufumbua hadharani kufikia mwaka 2008. Hata hivyo kati ya mfumo uliohitaji wataalamu kuufumbua na ule unaonakiliwa kibandani, tofauti ni kubwa, na mteja ana haki ya kuambiwa anauziwa upi.

Vivuli vya turubai vya mota, kama vile vya mahoteli ya ufukweni, vina kisa kile kile kwa njia nyingine. Pale adui ni upepo. Kanuni ya Ulaya, EN 13561, huvipanga kwa upepo vinaoweza kuustahimili, na daraja la 2 linaishia kilomita 38 kwa saa. Atakayekaa ufukweni wakati wa kusi anajua ni rahisi kiasi gani kuuvuka mpaka huo. Zamani mhudumu alikizungusha kivuli kwa mpini na kukitazama. Leo rimoti iko ndani ya droo ya meneja, meneja yuko mjini, na kipima upepo ambacho kingekikunja chenyewe hakikununuliwa.

Wapo watakaosema nawanyima wazee na wagonjwa msaada. Hapana. Bibi asiyeweza kuinuka kitandani kufungua shata la dirisha lake anastahili rimoti kuliko sote, naye analitazama dirisha hilo anapobonyeza.

Kwa hiyo anayeniita nimwongezee rimoti, namuuliza maswali matatu kabla sijafungua mkoba. Nani hukaa chini ya mlango huu? Je, kitufe cha ukutani kitabaki? Na umeme ukikatika ukiwa ndani, mpini wa kuzungushia kwa mkono uko wapi? Swali la mwisho hili ndilo linalowanyamazisha wengi. Duka lina mlango mmoja, mpini umefungwa ofisini kwa mhasibu, au ulipotea siku ile ile mota ilipofungwa. Nikiona hivyo naanza kwa kutafuta mpini.