Dhahabu ya Kivu na Ituri: anayetengeneza chombo si yeye anayeshika mizani

Mwezi wa kumi 2025, bei ya dhahabu kwenye soko la dunia ilipita dola 4 000 kwa aunsi moja kwa mara ya kwanza. Aunsi ya dhahabu ina gramu 31,1, kwa hiyo gramu moja ilifika karibu dola 129. Lakini kwenye machimbo ya Kamituga, wilayani Mwenga, au ya Mongbwalu huko Ituri, vyombo vya kazi ni vilevile vya zamani: baramini, nyundo, burini, karai, kinu cha chuma na mfereji wa mbao wenye zulia ndani. Vingi kati yake havitoki dukani. Vinatengenezwa na fundi wa mtaani, au na mchimbaji mwenyewe.

Mijadala juu ya dhahabu ya mashariki mwa Kongo huzungumzia sana mipaka, magendo na vikundi vyenye silaha. Mambo hayo ni ya kweli. Ila kabla dhahabu haijafika mpakani, imekwisha kugawanywa mara nyingi, na kila mara kuna chombo kinachoamua nani anabaki na nini.

Chuma kigumu, mapato madogo

Kwenye mwamba, mchimbaji anahitaji burini inayokata jiwe bila kupinda. Fundi anachukua chuma cha gari lililokufa, mara nyingi resori kwa sababu chuma chake ni kigumu, anakitia motoni na kukifua. Burini ikiisha makali inarudi kwa fundi. Gharama hiyo, pamoja na chakula, taa na mbao za kushikilia shimo, mara nyingi hutolewa na mwenye shimo, yule anayeitwa PDG. Jiwe likitoka, deni hilo linakatwa kwanza. Mchimbaji asiye na vyombo vyake anaanza kazi akiwa tayari anadaiwa.

Mfereji unaokimbiza dhahabu

Baada ya jiwe kuwa unga, kazi inahamia majini. Dhahabu ni nzito zaidi ya maji mara 19 hivi. Mchanga wa kawaida hauzidi mara tatu. Ndiyo sababu mfereji wa mbao unafaa: maji yanabeba mchanga, dhahabu inashuka na kunaswa na nyuzi za zulia au blanketi.

Lakini mfereji mbaya unapoteza mali. Ukiinama sana, maji yanakimbia na kuchukua dhahabu laini, ile inayofanana na vumbi. Mchanga usipochekechwa kwanza, mawe makubwa yanavuruga maji na kuichomoa dhahabu iliyokwisha kutulia. Udongo wa mfinyanzi usipovunjwa vizuri, mabonge yake yanapita na dhahabu ndani. Marekebisho yake ni madogo: chekeche, mteremko wa wastani, maji ya kiasi na zulia linaloondolewa na kuoshwa mara kwa mara. Asiyeyafanya anamwachia dhahabu yake mtu atakayenunua mabaki na kuyaosha upya kwa chombo bora.

Kinu cha mama na mashine ya tajiri

Kwenye machimbo mengi mwanamke haruhusiwi kushuka shimoni. Nafasi yake iko juu: kubeba, kuosha, na hasa kutwanga. Huko Kamituga wamama hao wanajulikana kwa jina la « twangaises », neno lililozaliwa kutoka kitenzi chetu cha kutwanga. Kinu chao ni cha chuma, mtwangio nao ni chuma, na vumbi la mawe linaingia mapafuni siku nzima.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, mashine za kusaga mawe, konkaseri, ziliingia Kamituga. Mashine moja inasaga kwa muda mfupi mawe ambayo wamama wengi wangeyatwanga kwa siku kadhaa. Wamama walipinga. Hawakupinga kupunguziwa uchungu wa mgongo. Walipinga kunyimwa mkate, kwa sababu mashine haikuwa yao. Wenye pesa ndio walioinunua, na malipo ya kusaga yakahama kutoka mikono mingi kwenda mikono michache.

Wako wanaosema kwamba vyombo vya mkono ndivyo vinavyowafunga wachimbaji katika umaskini, na kwamba dawa ni kuleta mashine. Mfano wa konkaseri unaonyesha kwamba jibu hilo ni nusu. Swali la kuuliza kwanza ni mashine ya nani.

Moshi wa merkiri

Ili kukusanya dhahabu laini, wengi wanachanganya unga na merkiri, yaani zebaki. Merkiri inashikamana na dhahabu na kufanya donge. Kisha donge linachomwa ili merkiri ipae na dhahabu ibaki. Mara nyingi jambo hili linafanyika pahali wazi, hata karibu na jiko la nyumbani. Moshi huo haukai machoni kama moshi wa kuni, lakini unaharibu ubongo na neva, na watoto na wenye mimba ndio wanaoumia zaidi.

Hapa pia fundi wa chuma ana dawa. Chombo kilichofungwa vizuri, chenye bomba linalopozwa kwa maji, kinarudisha merkiri iwe majimaji tena badala ya kuipeleka hewani. Kinaweza kutengenezwa kwa mabomba ya kawaida. Mchimbaji anapata faida mara mbili: analinda watu wa nyumbani, na merkiri aliyoilipia haipotei. Bora zaidi ni kuiacha kabisa, lakini mpaka siku hiyo, kuchoma bila kifuniko ni hasara na hatari.

Njiti ya kiberiti mezani

Chombo cha mwisho ndicho kinachouma zaidi. Kwa miaka mingi, kwenye machimbo ya mashariki, dhahabu imepimwa kwa mizani ndogo ya mkono, na mawe ya kupimia yakiwa sarafu za zamani na njiti za kiberiti. Kipimo kikubwa ni tola, yenye gramu 11,66. Njiti, ikikauka au kuloa, haina uzito uleule, na mnunuzi ndiye anayechagua njiti gani iwekwe.

Hesabu ni rahisi. Kwa bei ya dola 4 000 kwa aunsi, kosa la sehemu moja ya kumi ya gramu ni karibu dola 13 kwenye bei ya dunia. Mchimbaji anayeuza kidogokidogo anaweza kuibiwa kiasi hicho kila mara bila kujua. Kadiri bei inavyopanda, njiti hiyo nayo inazidi kuwa ghali.

Sheria inaangalia chombo

Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtambua mchimbaji mdogo kwa uraia wake, kwa eneo lake na kwa chombo chake: ni Mkongomani anayefanya kazi kwa vyombo na njia zisizo za kiwanda, tena ndani ya kooperative iliyokubaliwa. Anayeleta draga au mashine kubwa mtoni anapaswa kuwa na kibali cha aina nyingine. Pamoja na hayo, mwaka 2021 serikali ya Kivu Kusini ililazimika kusimamisha kampuni sita za Wachina huko Mwenga, na mwezi wa saba 2024 gavana Jean-Jacques Purusi alisimamisha uchimbaji katika jimbo lote.

Kusimamisha kuna sababu zake. Tarehe 11 mwezi wa tisa 2020, mvua ilifurika mashimo ya Kamituga na watu zaidi ya 50 walihofiwa kufa. Baramini haitoi maji shimoni. Ila amri ya kusimamisha haimpi mchimbaji mizani ya haki. Akirudi kazini, iwe kwa ruhusa au kwa kujificha, anakuta njiti ileile mezani.

SAEMAPE, idara ya serikali inayopaswa kuwasaidia wachimbaji wadogo, na kooperative zenyewe, zinaweza kuanza na mambo yasiyohitaji mabilioni: mizani iliyokaguliwa, iwekwe hadharani kwenye kila chimbo, mafundi wa chuma wafundishwe kutengeneza mifereji bora na vyombo vya kufungia moshi wa merkiri, na konkaseri zinunuliwe na vyama vya wamama watwangaji wenyewe. Usalama kwenye barabara za machimbo utabaki sharti la kwanza, kwa sababu gramu iliyopimwa kwa haki inaweza bado kunyang'anywa kwenye kizuizi. Lakini ikiwa haikupimwa kwa haki, sehemu yake imekwisha kupotea kabla ya kufika kizuizini.