Binti Anashinda Ndani na Kodi Analipa, Nyie Inawauma Nini?

Kahama kuna mama mwenye nyumba mmoja, jina kapuni, ana mpangaji binti wa miaka ishirini na kitu. Binti haamki alfajiri kuwahi basi la mgodini. Hana duka, hana saluni. Anashinda ndani na laptop, anahudumia wateja wa kampuni iliyoko nje ya nchi, mwisho wa mwezi hela inaingia. Kodi ya miezi sita kalipa yote kwa mkupuo. Mtaani jibu lilishapatikana zamani: anadanga!

Mama naye kabeba maneno ya mtaa mzimamzima, kampa binti wa watu notisi. Kosa lake? Eti haeleweki.

Na huyu mama hayuko peke yake. Kuanzia Nyasubi pale Kahama mpaka Nyankumbu kule Geita, wapo wenye nyumba ambao kwao kazi ni buti, kofia ngumu na kitambulisho shingoni. Kijana wa mgodini anapewa funguo akiwa bado getini. Wa laptop anahojiwa kama mtuhumiwa. Akiwa wa kiume ni tapeli, akiwa wa kike ni danga. Hakuna anayeuliza analipa vipi, wanauliza nani anamlipia.

Haya, heshima pembeni, iwe biashara tu. Mgodi wa Buzwagi, hapo hapo Kahama, ulianza uzalishaji 2009 na 2021 ukafungwa. Miaka 12, kwisha habari. Mwadui, ambako almasi inachimbwa tangu 1940, ilisimamisha uzalishaji Aprili 2020 baada ya korona kuangusha soko, ikarudi mwaka uliofuata. Mwaka huo huo wa 2020 ofisi kibao duniani zikahamia sebuleni. Sasa nani hapo kazi yake ilikuwa ya mashaka?

Tena wafanyakazi wengi wa migodini wanaingia kwa zamu. Zamu ikiisha, safari ya Mwanza au Dar, kwa familia, na nyumba wanajenga huko huko. Dhahabu inatoka Geita, matofali yanapangwa kwingine. Binti wa laptop ni kinyume chake: hela inatoka mbali, inaliwa Kahama. Mama ntilie anaipata, bodaboda anaipata, fundi wa feni anaipata. Mwenye nyumba ndiye wa kwanza kuipata, na ndiye wa kwanza kuifukuza!

Halafu kuna ile kesi ya LUKU. Nyumba ina wapangaji wanne, mita moja, uniti zikiisha macho yote kwa anayeshinda ndani. Hesabu ni nyepesi: pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja imekula uniti nzima. Laptop ya wati 50 inahitaji saa 20 kuimaliza hiyo uniti. Kamateni pasi kwanza. Au kila mpangaji afungiwe mita yake, ugomvi uishe.

Kweli, matapeli wapo. Nchi nzima inaijua meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mwenye nyumba ana haki ya kuona kitambulisho cha NIDA, kuandikishana mkataba na kumtambulisha mpangaji kwa mwenyekiti wa mtaa. Ila afanye hivyo kwa wote, wa buti na wa laptop. Kumhukumu mtu kwa sababu pazia lake limefungwa mchana huo sio ulinzi, ni umbea.

Na kitu kimoja wasisahau. Mgodi hauwezi kuhama, mpangaji wa laptop anaweza. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita tatu juu ya ziwa, hakuna tena kusubiri kivuko. Wa Geita akichoka kusimangwa anavuka asubuhi na begi lake, mchana yuko Mwanza kazini, bosi wake wala hajajua kama kahama.

Wenye nyumba badilikeni. Mpangaji mtulivu, analipa kwa wakati, hagombani na mtu, mnamfukuza kwa kuwa hamjamwona na buti? Mkibaki na vyumba vitupu msije mkasema mmerogwa.

Wenye nyumba mliomo humu, tiririkeni hapo chini.