Spika Mpya, Kebo ya Usukani Imeoza

Wasee, leo sina mzaha. Pita Kriki ya Mtwapa Jumamosi jioni uone spidiboti zinavyong'aa. Taa za buluu chini ya viti, spika za kutikisa kifua, rangi mpya kila Desemba. Sasa muulize mwenye boti kebo ya usukani ilibadilishwa lini. Atakuangalia kama umemuuliza jina la nyanya ya nyanya yake.

Mimi hushinda huko kwa sababu binamu yangu ni nahodha wa boti moja ya kukodisha. Mwezi mzima alikuwa akimwambia bosi, "Usukani umekuwa mgumu, bosi." Jibu lilikuwa lile lile: "Tia grisi kidogo twende kazi, wageni wanangoja."

Basi tukatia grisi. Mimi mwenyewe nilishika bunduki ya grisi, na nakubali makosa yangu.

Ile kebo si kama kamba unayoiona yote. Ni waya mnene wa chuma ndani ya ganda la plastiki, unatoka kwenye usukani, unapita ubavuni mwa boti mpaka kwa injini kule nyuma. Ukizungusha usukani, waya unasukuma au unavuta injini, ndipo boti inageuka. Mwisho wake kuna fimbo ya chuma inayoteleza ndani ya bomba pale injini inapoinukia. Grisi unayopiga inafika hapo kwenye bomba tu. Ndani ya ganda haiingii. Ganda likipasuka hata kidogo, maji ya chumvi yanaingia, waya unashika kutu, kutu inavimba, usukani unakaza. Hakuna grisi ya kutibu hiyo. Kebo ya aina hiyo haitengenezwi, inabadilishwa. Kwisha.

Na hata hilo bomba lina hila yake. Grisi ya zamani ikichanganyika na chumvi inakauka inakuwa kama sabuni ya kipande, halafu wewe unaiongezea nyingine juu.

Siku yenyewe tulikuwa na wasichana sita wa birthday, muziki juu, mimi na simu narekodi. Tulikuwa tunakaribia mdomo wa kriki, pale bahari inapoanza kukupa heshima yako, na kasi si ndogo. Binamu akakata kona. Usukani ukagoma. Akauvuta kwa nguvu, tukasikia tak! kisha ukaanza kuzunguka bure kama sahani. Injini ikajigeukia upande inaoutaka, boti ikalala, mmoja wa wale wasichana akabaki ameshikilia reli na mguu mmoja nje. Binamu akarudisha gia nyutro haraka, na hapo ndipo tulipopata nafasi ya kupumua. Sekunde tano tu, labda hata tatu. Miamba haikuwa mbali.

Laifujaketi? Zilikuwa chini ya kiti, chini ya kreti ya soda. Ndiyo, najua.

Kuna mtu atasema vipuri ni ghali, vinaagizwa nje, biashara ni ngumu. Manze, tusidanganyane. Kebo ile haikufika bei ya zile spika mbili. Na kazi yenyewe tuliimaliza kabla ya adhuhuri: unafungua mkono unaoshika injini, unalegeza ile nati kubwa ya kwenye bomba (hapa utatoa jasho na kutukana), unachomoa upande wa usukani. Unafunga kamba kwenye kebo ya zamani ndipo unaivuta, ili ile kamba ikuvutie mpya njia ile ile. Urefu mara nyingi umeandikwa kwenye ganda la kebo, usikadirie kwa macho. Ikiwa fupi itakunjwa vibaya, ikiwa ndefu itajikunja huko ndani. Na kichwa chake lazima kikubaliane na usukani ulio nao. Bomba tulilisugua mpaka likatoa uchafu mweusi kama lami, ndipo tukatia grisi mpya ya baharini. Hapo ndipo mahali pa grisi.

Hata kujua ugonjwa uko wapi hakuhitaji fundi wa ng'ambo. Ukishafungua ule mkono, sukuma injini kwa mkono kushoto na kulia. Ikienda laini na usukani bado ni mgumu, shida iko kwenye kebo au kwenye bomba lake. Dakika kumi. Bosi hakuwa na dakika kumi, ila alikuwa na siku mbili za kufunga taa.

Na nyinyi mnaokodi, mnaochanga pesa za birthday na kuuliza tu kama kuna bluetooth: kabla hamjatoka gatini, mwambie nahodha azungushe usukani mwisho hadi mwisho mkiangalia injini. Ukiona anasukuma kwa mabega, shukeni. Aibu ya kushuka ni ndogo.

Ile video niliyorekodi niliipost siku hiyo hiyo, nimekata zile sekunde nikaweka wimbo. Watu walipenda sana. Nimeifuta juzi.

Boti ilirudi majini Ijumaa iliyofuata na kebo mpya. Binamu ndiye aliyeinunua, kwa mshahara wake. Bosi alisema atamrudishia mwisho wa mwezi, na huu ni mwezi wa tatu.