Mgeni anayekuja kwa watoto wetu amebeba barua ya nani?



Tuanze na jambo unalolijua. Ukihama usharika, tuseme umetoka Moshi ukahamia Dar es Salaam, kisha ukamwendea mchungaji wa huko kumwambia unataka kufunga ndoa, atakuomba barua. Umetoka wapi? Mchungaji wako ni nani? Umebatizwa? Huko ulikotoka hukuacha mke? Halafu jina lako litatangazwa kanisani ili mwenye pingamizi alitoe. Hakuna anayekasirika kwa maswali hayo. Tunajua kanisa halimdharau mtu kwa kumuuliza. Linalinda ndoa.

Sasa tazama hili. Mtu anafika kutoka ng'ambo. Ni mchangamfu, anapiga gitaa, anawapenda watoto. Anasema Mungu amemwita aache kwao aje kutumika Afrika, na angependa kusaidia kwenye kambi ya watoto likizo ya Desemba. Amekuja na fedha kidogo za mipira, juisi na fulana. Tunafurahi, tunamshangilia ibadani. Wiki mbili baadaye tumemkabidhi watoto wetu, mchana na usiku. Je, barua yake aliisoma nani?

Ninakuuliza kwa sababu ya habari iliyotikisa Kanisa la Anglikana duniani. Tarehe 12 Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu. Wengi wetu tuliisikia redioni tukaona ni mambo ya Waingereza na maaskofu wao. Lakini ukiifuatilia mpaka mwanzo wake, utakuta kambi za Kikristo za vijana na mtu aliyehama nchi yake kuja kufanya umisionari Afrika. Habari hiyo inatuhusu.

Mtu huyo aliitwa John Smyth. Alikuwa wakili mashuhuri wa London na mlei aliyeheshimiwa sana kanisani. Katika miaka ya 1970 aliongoza bodi iliyosimamia kambi za wavulana za Iwerne, kusini mwa Uingereza. Kambi hizo zililea viongozi wengi wa kanisa; Welby mwenyewe aliwahi kusaidia huko akiwa kijana. Smyth alikuwa akiwachagua baadhi ya wavulana, anawazoea, anawaalika nyumbani kwake, kisha anawachapa fimbo katika kibanda cha bustanini. Aliwaambia hiyo ndiyo njia ya kushinda dhambi. Wengine walichapwa mpaka damu ikawatoka.

Mwaka 1982 mchungaji mmoja wa Cambridge aliandika taarifa ya siri juu ya mambo hayo. Viongozi wachache waliisoma. Walisikitika. Polisi hawakuambiwa. Mwaka 1984 Smyth alihama na familia yake kwenda Zimbabwe, na miaka miwili baadaye akawa na huduma yake huko, iliyoendesha kambi za Kikristo za wavulana. Wapo Wakristo wa Uingereza waliochangia huduma hiyo. Desemba 1992 kijana wa miaka 16 alikutwa amekufa ndani ya bwawa la kuogelea katika kambi ya Smyth huko Marondera. Alikuwa ndiyo kwanza amefika kambini.

Smyth alishtakiwa kwa kifo hicho mwaka 1997, lakini kesi ilivunjika bila hukumu. Baadaye akahamia Afrika Kusini. Mwaka 2017 televisheni moja ya Uingereza ilitangaza habari zake, na mwaka uliofuata akafa Cape Town. Hakuwahi kutiwa hatiani. Uchunguzi huru uliotolewa Novemba 2024 ulikuta kwamba aliwaumiza watoto na vijana zaidi ya 100, na wengi wao walikuwa upande wetu, Afrika. Uchunguzi huo ulisema pia kwamba Welby, aliyearifiwa mwaka 2013, angeweza kufanya zaidi na alipaswa kufanya zaidi. Ndipo akajiuzulu.

Huenda unasema moyoni: fimbo tu? Mbona sisi sote tulichapwa nyumbani na shuleni? Ndugu yangu, usipite hapo haraka. Watoto hawa walitengwa na wenzao, wakapigwa kwa siri na mtu mzima aliyetumia jina la Yesu kuwafunga midomo. Zimbabwe waliamriwa hata kuogelea bila nguo. Vyovyote unavyofikiri juu ya kiboko, huwezi kusema mzazi aliyemfungia mwanawe begi kwenda kambini aliridhia hayo.

Tujiulize basi: mtu ambaye kwao alijulikana kuwa ni hatari kwa watoto, alifikaje kuongoza kambi ya watoto katika nchi nyingine, kwa baraka za waumini?

Sababu ya kwanza ni hofu ya kuchafua kazi ya Mungu. Waliosoma taarifa ya 1982 hawakuwa watu wabaya. Walifikiri habari ikitoka nje, kambi zitafungwa na Injili itadharauliwa, kwa hiyo wakaifunika. Biblia inatuonyesha mzee wa namna hiyo. Kuhani Eli alisikia maovu ya wanawe hekaluni. Hakunyamaza, aliwakemea. Lakini aliwaacha palepale madhabahuni wakiendelea na kazi. Katika 1 Samweli 3 Mungu anamhukumu Eli kwa sababu alijua na hakuwazuia. Kwa hiyo kumkemea mtu ofisini kisha kumwacha aendelee na watoto si uongozi mbele za Mungu.

Sababu ya pili ni umbali. Matatizo yaliyohamishwa yanaonekana yamekwisha. Alipopanda ndege, watu wa kwao walipumua. Hatujui walimwombea nini, lakini tunajua ambacho hawakukifanya: hawakuwaonya waliokuwa wanampokea. Kwao mlango ulifungwa, kwa watoto wa Zimbabwe ukafunguliwa. Hapo ndipo pananiumiza zaidi, kwa sababu mtoto wa Marondera na mtoto wa Winchester wameumbwa kwa mfano uleule wa Mungu.

Sababu ya tatu iko kwetu tunaopokea. Tunamheshimu mgeni, na hilo ni jema. Lakini mara nyingi tunamheshimu zaidi mgeni mwenye fedha, mwenye elimu, na tuseme ukweli, mgeni mweupe. Tunaona aibu kumuuliza kana kwamba swali litamfukuza. Mwalimu wa Shule ya Jumapili aliyezaliwa mtaani kwetu tunamchunguza miaka, lakini mgeni tunampa watoto kwa wiki mbili.

Hata hivyo, Waafrika hawakunyamaza wote. Mwaka 1993, baada ya malalamiko ya wazazi, wachungaji mjini Bulawayo walikutana wakamwomba wakili David Coltart achunguze. Aliandika taarifa iliyounganisha yaliyotokea Zimbabwe na yaliyotokea Uingereza. Wachungaji wale hawakuwa na uwezo wa kumfunga mtu, lakini walifanya ambacho wenye uwezo mkubwa walishindwa kukifanya kwa miaka kumi na moja. Waliuliza, wakaandika, wakasema.

Kuna watakaosema kwamba kumdai mtumishi wa Mungu barua ni kukosa imani. Tufungue Matendo ya Mitume. Sauli alipookoka akaenda Yerusalemu, wanafunzi hawakumkumbatia mara moja. Walimwogopa, na walikuwa na sababu. Ilibidi Barnaba asimame amweleze: amemwona Bwana wapi, amehubiri wapi, amefanya nini. Baadaye Paulo naye alipotaka kumchukua Timotheo safarini, tunaambiwa kijana huyo alishuhudiwa vema na ndugu wa miji miwili, Listra na Ikonio. Na Paulo na Barnaba walipokwenda umisionari, hawakujituma. Kanisa la Antiokia lililowajua liliwafungia na kuwaombea, likawawekea mikono, na katika sura ya 14 tunawaona wamerudi palepale kutoa taarifa ya kazi yao yote. Ndivyo umisionari ulivyoanza: anayekwenda anajulikana, ana waliomtuma, na anarudi kutoa hesabu.

Hata katika pwani yetu ndivyo ilivyokuwa. Ludwig Krapf alipofika Zanzibar mwaka 1844, Sayyid Said alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Alikwenda nayo Mombasa. Miezi michache baadaye alimzika huko mkewe na mtoto wao mchanga, na bado hakuondoka. Huyo alikuwa tayari kupoteza vyote kwa ajili ya Injili, na hakuona shida kubeba barua. Wengi waliokuja baada yake walikuwa waaminifu, na wako waaminifu wengi leo. Nani anayefaidika tukiuliza? Kwanza ni watoto, kisha ni mmisionari wa kweli, kwa sababu hatawekwa kapu moja na mwongo.

Fikiria pia vijana wetu wanaokwenda ng'ambo. Kijana wa Kitanzania akitaka kufanya kazi na watoto Uingereza, kumbukumbu zake za uhalifu zitakaguliwa. Atakwenda polisi hapa nyumbani, ataweka alama za vidole, atapata cheti cha tabia njema. Halalamiki. Kama watoto wao wanalindwa dhidi ya kijana wetu, kwa nini watoto wetu wasilindwe dhidi ya mgeni wao?

Basi, mpendwa, likizo inakuja na kambi zinapangwa. Wewe ni mzee wa kanisa, ni mama wa kikundi, ni mzazi tu unayelipa mchango wa kambi. Una haki ya kuuliza mambo haya, na usione haya.

Uliza mgeni ametumwa na kanisa gani, na kama mchungaji wetu amezungumza mwenyewe na mchungaji wake, si kusoma karatasi tu. Uliza kama ana cheti cha polisi cha nchi yake. Uliza watoto watalala wapi na nani, na kama ni mwiko mtu mzima mmoja kukaa na mtoto mahali pa faragha. Uliza kama mzazi anaweza kufika kambini siku yoyote bila kuagana. Uliza mtoto akiumizwa atamwambia nani, na kama amefundishwa kwamba hakuna siri na mtu mzima ambayo baba na mama hawaruhusiwi kuijua.

Maswali haya si ya wageni peke yao. Waulize hayohayo viongozi wetu wa kambi waliozaliwa hapahapa, maana watoto wengi wanaodhuriwa hudhuriwa na mtu wanayemfahamu. Swali likiwa la kila mtu, halimwonei yeyote.

Na ukisikia jambo, usiishie kwenye kikao cha wazee. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa serikali ya mtaa wake. Kuna afisa ustawi wa jamii, kuna Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, kuna namba 116 inayopigwa bure. Kanisa linaweza kusamehe, kuombea na kushauri. Halina mamlaka ya kuficha kosa la jinai.

Nawe kijana unayesikia wito wa kwenda mbali, usikate tamaa kwa haya. Shamba bado ni kubwa, na kambi ya watoto inaweza kubadilisha maisha. Wako wachungaji wengi waliompokea Kristo wakiwa kambini. Ila usijitume. Kaa kwanza na watoto wa usharika wako, watu wakujue. Kubali kuulizwa. Paulo alipopeleka mchango Yerusalemu hakwenda na fedha peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba alifuatana na ndugu walioteuliwa na makanisa, ili mtu asipate la kumlaumu mbele za Mungu wala mbele za wanadamu. Kama mtume alijali hivyo kwa fedha, wewe na mimi tujali kiasi gani kwa watoto?

Ninamkumbuka yule kijana wa miaka 16. Nyumbani kwao nako kulikuwa na mtu aliyemfungia begi, akamwambia aende akasali vizuri na kuwatii wakubwa. Alitii. Wakubwa waliojua ukweli, maelfu ya maili kutoka pale, walikuwa wamekaa kimya tangu alipokuwa mtoto wa miaka sita.

Mwezi ujao, utakapokuwa unapanga shuka, sabuni, mswaki na Biblia ndani ya begi la mwanao, mfikirie huyo. Kisha, kabla ya kulifunga, mpigie simu mchungaji wako umuulize lile swali la barua.

Tuombe: Bwana, utupe ujasiri wa kuuliza, unyenyekevu wa kuulizwa, na uwalinde watoto uliotukabidhi. Amina.

Jumapili njema.