Akiba ya Mkaa Huanzia Jikoni

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Shabaha hiyo ni njema, lakini bei ya mkaa inakula mishahara yetu leo.

Hatuna budi kuanza na yaliyomo mikononi mwetu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi. Sufuria iliyofunikwa hutunza joto. Jiko lenye udongo ndani hutumia mkaa kidogo kuliko la bati tupu.

Haya tunayafundisha darasani, tuyatekeleze nyumbani. Baba anayelalamikia gharama ya mkaa huku akikataa kununua jiko bora anajidanganya, tena anamtwisha mama mzigo usiokuwa wake.